Ni Nani Aliyefanya Kazi Hii?

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo lililomo majumbani mwetu kila jioni, nalo kwa udogo wake mtu aweza kuona haya kuliandikia makala. Ni ile kazi ambayo mtoto wa shule ya msingi hufunzwa darasani mchana, kisha akaja nayo nyumbani ili aizoee kwa mikono yake. Nina suali moja tu, na naomba kila mzazi alijibu moyoni mwake kabla hajaendelea kusoma. Kazi ya mwisho aliyoipeleka mwanao shuleni, ni nani aliyeifanya?

Najua baadhi yenu mmekwisha kasirika. Mtu akikasirishwa na suali kabla ya kulijibu, basi jawabu analo.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya mtaala wenyewe, kwani wengi wakinisikia nikizungumza hivi hudhani nimekuja kuutukana. La, sivyo. Mtaala huu wa umilisi ulianza kufunzwa katika shule za Kenya nzima Januari 2019 kwa madarasa ya chini, ukawa unapanda pamoja na watoto mwaka baada ya mwaka, na mfumo wa 8-4-4 ukawa unaondoka mbele yake, hata mtihani wa KCPE ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Makusudio yake ni kwamba mtoto asiulizwe anakumbuka nini peke yake, bali aulizwe aweza kufanya nini. Akisoma juu ya usafi, atandike kitanda chake na aoshe vyombo. Akisoma juu ya mimea, apande mchicha katika mkebe na autilie maji. Akisoma juu ya muziki, atengeneze kayamba. Na mzazi naye amepewa fungu lake, kwamba yale yaliyofunzwa darasani yazoewe nyumbani mbele ya macho yake. Tena watoto wamewekewa maadili manane ya kukua nayo: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Lishike vizuri hilo la mwisho, maana ndilo tutakalogombana juu yake.

Mimi nimefundisha watoto zaidi ya miaka arubaini, chuoni na shuleni, nami sioni ubaya katika maneno hayo. Sisi tuliolelewa katika elimu ya dini tumeambiwa tangu utotoni kwamba elimu isiyofuatwa na matendo ni mzigo juu ya mwenye nayo. Basi wakuza mitaala wakisema mtoto afanye anachokisoma, hawakutuletea jambo geni. Ugonjwa ninaoukusudia mimi haumo katika makaratasi yao. Umo sebuleni kwetu, saa mbili za usiku, mtoto amekwisha lala na baba yuko chini sakafuni na mkasi na gundi.

Chukua mfano mmoja ambao watu waliucheka Kenya nzima. Watoto wa Gredi ya 4, katika somo la kilimo, hufunzwa njia za kuzuia ndege na wanyama wasiharibu mazao, na moja katika kazi zao ikawa ni kutengeneza sanamu ya kutishia ndege shambani. Picha za sanamu hizo zikazagaa katika simu za watu, nyengine zimevishwa nguo nzuri kuliko za mwenye shamba. Nami nilicheka, sikatai. Lakini baada ya kucheka nikajiuliza, mtoto gani wa miaka tisa au kumi awezaye kusimika mti wa urefu wa mtu mzima, akaukingamisha mwengine, akaufunga kamba ukakaza, akaujaza nyasi na kuuvika kanzu? Zile zilikuwa kazi za baba na mama na mjomba. Mtoto alisimama kando akapigwa picha.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Sisi watu wa pwani tangu kale tuna kazi iitwayo kuamia. Mpunga ukianza kujaza punje, watoto walipanda juu ya dungu tangu alfajiri, huyu na kombeo, huyu na debe la kugonga, wakawafukuza ndege mpaka jua kuchwa. Yako majumba mjini ambamo bibi amekaa chumba cha nyuma, naye ameamia mashamba ya babake tangu akiwa mdogo mpaka alipoposwa. Bibi huyo ajua ndege gani huja kwa makundi na gani huja mmoja mmoja, na ni saa gani wana njaa kali. Ajua kwamba sanamu isiyohamishwa mahali pake huzoewa na ndege, wakaja wakatua juu ya kichwa chake wakapumzika. Somo zima la mtoto lilikuwa lipo hapo, hatua kumi kutoka mlango wa sebule, nalo halina bei. Badala ya kumpeleka mtoto kwa bibi, baba alitoka usiku akaenda duka la kompyuta, lile waliitalo saiba, akalipa pesa kuchapishiwa picha ya sanamu ya Ulaya yenye kofia ya majani makavu. Picha ikabandikwa daftarini. Bibi hakuulizwa, na mtoto hajui hata leo kwamba nyumbani kwao yuko mwalimu wa kilimo.

Kisha kuna hili la picha za simu. Mwalimu ana watoto wengi, hawezi kuingia kila nyumba kuona kama kazi imefanywa, kwa hivyo huwaambia wazazi wampelekee picha katika kundi la WhatsApp. Yeye ana udhuru wake. Lakini tazama sisi tumeifanya nini amri hiyo. Nilikuwa mgeni katika nyumba moja, nikaona kwa macho yangu. Mama alimwita mtoto kutoka penye televisheni, akamtia ufagio mkononi, akamwambia, "Inama kidogo, cheka." Picha ikapigwa, ikapelekwa. Ufagio ukarudishwa kwa yaya, naye ndiye aliyefagia. Haikutimia dakika mbili, na mtoto hakukosa hata kipande cha mchezo aliokuwa akiutazama.

Je, mtoto yule alijifunza nini? Usiseme hakujifunza kitu, kwani mtoto hajifunzi sifuri. Alijifunza kwamba kazi maana yake ni kuonekana unafanya kazi. Alijifunza kwamba ufagio ni wa yaya, na sifa ya ufagio ni yake yeye. Tena aliyemfunza hayo ni mamake, mtu anayemwamini kuliko watu wote duniani, na alimfunza kwa upole na kwa kicheko, jambo ambalo mwalimu mwenye chaki hawezi kushindana nalo. Sisi katika dini yetu tuna jina la kitu hiki, chaitwa riya, nacho huharibu hata sala ya mtu mzima aliyesimama katika safu ya mbele, seuze kufagia kwa mtoto.

Na katika nyumba nyengine mtoto wa kiume hata hiyo picha hapigwi, kwa kuwa baba amesema mwanawe si mwanamke. Dada yake huosha vyombo mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya nyumba na mara ya pili kwa ajili ya daftari la kaka. Wanaosema hivyo huwaona safu za mbele msikitini, nao wamesikia mara ngapi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe na kutia viraka nguo zake na kuwasaidia watu wa nyumbani kwake! Wataka mtoto wako awe mwanamume kuliko nani?

Sasa turudi kwenye ule uadilifu tuliousoma juu. Mtoto ameambiwa atengeneze kitu kwa mikono yake. Baba ana shughuli, au aona aibu kupeleka kitu kibovu, au ataka mtoto wake awapite wa jirani. Aenda kwa fundi. Fundi atengeneza kitu kizuri, amepiga msasa, amepaka vanishi. Asubuhi mtoto akibeba kwa mikono miwili akipeleke shuleni, na mwalimu huandika. Hizi gredi mpya hazina nambari ya kwanza wala ya mwisho, zina ngazi nne, na ya juu kabisa huitwa Kuzidisha Matarajio. Basi mtoto akaandikiwa Kuzidisha Matarajio. Naam, kweli matarajio yamezidishwa, kwani fundi seremala mwenye ndevu na watoto wanne amefaulu kazi ya Gredi ya 5!

Mnajua wote habari ya muuza nafaka sokoni. Mtume (s.a.w.) alipita akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, juu kavu, vidole vikakuta maji ndani. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi iliyorowa hakuiweka juu watu waione, na hapo Mtume akajitenga na kila mwenye kughushi. Sisi huisimulia habari hii tukiwakusudia wauza unga na wauza maziwa. Lakini mzazi aliyemnunulia mwanawe kazi ya shule amefanya jambo gani? Ameweka kikavu juu. Tena amezidi, kwa kuwa muuza nafaka alimghushi mpita njia, na huyu amemghushi mwalimu wa mwanawe mbele ya mwanawe, na amemfanya mtoto mwenyewe kuwa ndiye mbeba kapu.

Wala usiniambie mambo haya yameletwa na mtaala mpya. Nyinyi wazazi wa leo wengi wenu mlisoma katika 8-4-4, nao mfumo huo ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na maneno haya haya ya kazi za mikono, ukaja na sayansi kimu na kilimo na sanaa na ufundi. Mwalimu alipotaka mwiko, ama kikapu, ama ufagio wa makuti, wangapi kati yenu mlikwenda kuununua sokoni, kisha mkaukwaruza kwa kisu uonekane ni kazi ya mtoto? Mnacheka. Tulijua sisi walimu wenu. Ufagio wa mama muuzaji tulikuwa tukiutambua kwa fundo lake, kwani ulikuja darasani mara thelathini kwa siku moja, fundo lile lile.

Nao mlango ule haukufungwa, ulizidi kupanuka. Mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa KCSE yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu, na ya zaidi ya 2,000 wa KCPE, na Machi 2016 bodi ya baraza la mitihani ikavunjwa. Magazeti yaliandika juu ya maofisa na walimu wakuu, na wao wana dhambi zao. Lakini karatasi ya mtihani iliyoibwa huuzwa kwa pesa, na mtoto wa shule hana pesa. Nani aliyempa? Mtu haamki asubuhi moja akamnunulia mwanawe mtihani wa taifa. Alianza zamani, kwa ufagio.

Na leo jambo lina uzito zaidi kuliko siku za ufagio. Mtihani wa KPSEA ulipofanywa kwa mara ya kwanza Novemba 2022, hesabu iliwekwa hivi: fungu la 40 kwa mia litoke katika mtihani wenyewe, na 60 litoke katika tathmini za mtoto za Gredi ya 4, ya 5 na ya 6 shuleni kwake. Maana yake ni kwamba nchi imesema, "Tumewaamini. Hatutamhukumu mtoto kwa siku moja, tutamtazama katika kazi zake za miaka." Ni heshima kubwa hiyo, nao wazee wetu walikuwa wakisema amana haipewi mtu mara mbili. Tukizoesha watoto kuleta kazi za watu wengine, walio juu watasema wazazi na walimu hawaaminiki, virudishwe vyumba vya mitihani na askari mlangoni. Na watakuwa na haki.

Baadhi ya wenzangu wa chuoni hunifuata wakasema, "Sheikh, turudie ya kale." Ngoja niseme ukweli juu ya hiyo ya kale, kwa kuwa niliikuta mwisho mwisho wake. Mtoto alipewa ubao, akaandikiwa somo lake kwa wino wa masizi, akaja nao nyumbani akausoma mpaka ukaingia kichwani, na kesho yake asome mbele ya mwalimu kwa ulimi wake. Akishaufahamu ndipo auoshe. Hakuna fundi wa kumsomea. Huwezi kukodi ulimi. Na mama zetu wengi hawakujua kusoma maandishi yale, lakini mtoto akisoma ukumbini na mama yuko jikoni akikuna nazi, sikio lake liko ubaoni, na mtoto akikwama mbuzi ya nazi nayo ilikuwa ikinyamaza. Ndivyo mtoto alivyojua kwamba amekosea, hata kabla hajaambiwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya nyumbani, na mzazi asiye na kisomo aliifanya kwa ukamilifu.

Lakini nisipambe. Chuo hicho hicho kilitoa vijana waliohitimu juzuu thelathini na hawajui maana ya aya tatu, na bakora ilikuwa mwalimu wa pili, pengine wa kwanza. Mtoto aliyeuliza "kwa nini" alionekana hana adabu. Mtaala wa leo unataka mtoto aulize, na mimi nautetea kwa hilo mbele ya wenzangu na wananichukia. Ninachokitaka kutoka kwa ya kale ni kitu kimoja, lile sikio la mama.

Husema mtu, "Sheikh wewe wasema tu. Mimi ni mama ninayeamka saa tisa za usiku kukaanga mahamri, narudi jioni miguu yaniuma, nikifungua simu nakuta mwalimu ataka picha za rangi za wanyama kumi kesho asubuhi. Nitafanya nini ila kumtuma mtu saiba?" Huyu ana haki, wala simtii katika hesabu ya wanaoghushi. Dhuluma hapa ni ya mwenye kuagiza. Miongozo yenyewe ya mtaala yasema vitumike vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya mtoto. Katika mazingira ya mtoto wa Kisauni kuna mashine ya kuchapisha rangi? Kuna makuti, kuna vifuu, kuna mchanga na kauri, kuna mabuyu, kuna paka na mbuzi na kunguru ambao mtoto aweza kuwatazama akawachora, hata wakawa na miguu mitano. Mbuzi wa miguu mitano aliyechorwa na mtoto ana faida kuliko simba wa rangi aliyetoka katika mashine, kwa kuwa mwalimu akimwona ajua pa kuanzia.

Nanyi walimu wenzangu, msidhani nimewasahau. Niliingia shule moja ambayo sitaitaja, siku ambayo watoto walikuwa wameleta kazi zao. Walikuwa wametakiwa walete chombo cha nyumbani walichokitengeneza. Juu ya meza ya mbele kulikuwa na kikasha cha mbao chenye bawaba na kufuli, king'aacho. Mwalimu akawa akiwaonyesha wageni. Nyuma kabisa nikamwona binti wa miaka kama kumi, ana kitu mkobani na hataki kukitoa. Nilipomsihi akakitoa. Ilikuwa kata ya kifuu, mpini umekwenda upande, imefungwa uzi wa gunia.

Nikamwuliza, "Umetoboaje, mwanangu?" Akaniambia kwa msumari wa moto, nyanyake amemshikia kifuu kwa kitambaa. Nikamwuliza mbona kuna tundu lililozibwa. Akasema tundu la kwanza alilitoboa chini sana, kata ikawa inavuja, ikambidi atoboe jengine juu zaidi, na lile la chini akaliziba kwa nta ya mshumaa. Nikamwuliza nta ikikutana na uji wa moto itakuwaje. Akanyamaza, akafikiri, akasema, "Basi hii itakuwa ya maji tu." Wallahi, nimekaa na watu wazima wenye vyeti wasioweza kulijibu suali kwa namna hiyo.

Kisha nikaenda kwa mwenye kikasha. Mtoto mzuri, mwenye adabu, hana kosa. Nikamwuliza ni mbao gani hii. Hakujua. Nikamwuliza bawaba imetiwaje. Akatazama chini. Kikasha kile kilikaa juu ya meza wiki nzima, na kata ile ilirudi mkobani. Binti alipofika nyumbani, nyanyake alipomwuliza mwalimu amesemaje, atakuwa alimjibu nini?

Mwalimu mwenzangu, wewe hukudanganywa. Wewe ulijua. Macho yako yaliiona vanishi kama nilivyoiona mimi. Ulikiweka kikasha mezani kwa kuwa wageni wanakuja na shule yataka kuonekana, na ukakaa kimya kwa kuwa baba yake ni mtu wa kamati. Kwa wiki ile moja watoto wote wa darasa lile, si yule mmoja tu, walifunzwa kwamba penye pesa hapana haja ya mikono. Huko Tanzania mwaka 1967 walitangaza Elimu ya Kujitegemea, kwa nia njema kabisa, mtoto asome na ashike jembe. Pahali pengi shamba la shule likaja kuwa adhabu ya waliochelewa, na watoto wakakua wakilichukia jembe kuliko ujinga. Nia njema ya walio juu huja ikafia mikononi mwetu sisi tulio chini, darasani. Suali moja tu lakutosha kuokoa kazi ya muhula mzima, nalo halihitaji karatasi wala mtandao: mwambie mtoto asimame aeleze alivyokifanya. Aliyefanya ataeleza hata kwa kigugumizi. Asiyefanya, usimtahayarishe mbele ya wenziwe, kwani mwizi si yeye. Mpe kifuu kingine, akae nacho hapo hapo, na usiku umpigie simu babake.

Mwishoni mwa mwaka 2022 Katibu wa Wizara alitangaza kwamba wanafunzi wa shule za msingi wasipewe tena kazi za kufanyia nyumbani. Nilisikia watu mtaani wakipumua kama waliotuliwa gunia. Mimi sikufurahi wala sikuhuzunika, na kwetu mtaani kazi zenyewe hazikukoma. Ugomvi wa kwamba kazi zipelekwe nyumbani au zisipelekwe ni ugomvi wa karatasi. Hata mwalimu asitume chochote, mtoto atarudi nyumbani saa kumi na ataanza darasa lake la pili. Atakusikia ukimwambia mwenye kudai kwenye simu kwamba uko Malindi hali wewe uko kitandani. Atakuona ukimpa kondakta nauli ya mtoto wa miaka mitano ilhali amekwisha timiza tisa na amekaa kimya pembeni yako. Hakuna waziri awezaye kulipiga marufuku darasa hilo.

Basi leo jioni mwanao akija na kazi, kaa karibu naye. Mikono yako iweke nyuma, ama ishughulishe na kukuna nazi. Akikosea mwache akosee, mwulize tu kwa nini imevuja. Akitaka kisu au moto, hapo mshikie. Mpeleke kwa bibi yake akaulize juu ya ndege. Kikitoka kimepinda kiende shuleni kimepinda, na wewe usikinyooshe usiku amelala. Simu iache mezani. Na mwalimu akiuliza mbona hukutuma picha, mwambie mtoto anakuja kesho asubuhi na kazi yake mkononi, amwulize yeye.